Mng'ao Upande wa Kushoto

Kila asubuhi nilipangusa vumbi kwenye kioo cha kompyuta, kisha nikaifungua ramani ya galaksi huku chai ikipoa pembeni. Siku hiyo kitambaa kiliniganda mkononi. Picha za mwisho zilikuwa zimeunganishwa usiku, na katikati ya utando wa galaksi palikuwa na pengo refu, jeusi, lisilo na hata nukta moja.

"Shikamoo, mama mdogo," nilisema niliposikia viatu vyake nyuma yangu. Yeye ndiye mkuu wa kitengo chetu.

"Marahaba. Hebu sogea." Akalitazama pengo bila kupepesa. "Hilo ni eneo lake."

Eneo la mumewe, baba mdogo wangu. Kabla hatujapima jinsi galaksi zilivyojikusanya na zilivyoachana, yeye alizikagua picha kwa macho. Nyota angavu ya karibu ikitia mng'ao, alizifuta galaksi zilizoharibika, zisituvurugie hesabu. Tangu tumzike, koti lake lilikuwa bado kwenye kiti chake, na hakuna aliyethubutu kukikalia.

"Uwazi mkubwa namna hii!" mama mdogo akasema. "Mchana tunawatumia wenzetu ramani. Tutaupa jina lake."

Fundi wa kompyuta akachungulia. "Mbona ukingo umenyooka hivyo? Ulimwengu umekatwa kwa rula?"

"Nenda kahangaike na nyaya zako."

Akaondoka akicheka. Mimi nilibaki nikiutazama ule ukingo. Mama mdogo alipoingia ofisini kwake, nilizifungua picha zenyewe, kama zilivyotoka kwenye darubini.

Hapakuwa na nyota yoyote angavu. Galaksi zilikuwepo, tele kama chumvi iliyomwagika mezani, na juu yake alama za baba mdogo: mng'ao, mng'ao, mng'ao. Kila picha, upande uleule wa kushoto. Zilipopangwa moja juu ya nyingine, zikafanya pengo.

Uvimbe uliomuua ulikuwa kichwani, nyuma ya jicho. Mwanga alioufuta haukuwa angani. Asubuhi nzima tulikuwa tukitazama mbingu kwa jicho la marehemu.

Nilisimama mlangoni kwa mama mdogo hadi akanikaripia. "Ingia basi, we mtoto, unanitia wasiwasi."

Nilimwonyesha. Sauti yangu ilikuwa ndogo mno, ikabidi nirudie. Hakubisha. Akapitisha kidole kwenye kioo, taratibu, kama mtu anayepapasa uso.

"Alikuwa akilalamika kuhusu mwanga," akasema. "Nikamwambia apunguze taa ya meza."

"Nizirudishe galaksi?"

"Subiri. Kompyuta nzito leo."

"Si nzito, mama mdogo."

"Basi wengine wazikague kwanza."

"Tukituma hivi, watakaokuja kupima watagundua. Watamcheka. Na jina lake litakuwa hapo."

Kupitia mlango ulioachwa wazi alikuwa akilitazama lile koti.

"Ukizirudisha, hapatakuwa tena na mahali ninapoweza kunyoosha kidole nikasema, yuko pale. Nilitaka awe mahali, mwanangu, hata kama ni gizani." Akafuta macho kwa kiganja. "Nimemkumbuka mume wangu. Sijamwambia mtu. Nimemkumbuka sana. Haya, zirudishe."