Tangu Maktaba Iingie Kwenye Simu

Tangu maktaba ya hospitali iingie kwenye simu za watu, viti vyetu havina wa kuvikalia. Na mimi ndiye niliyeiingiza. Nasoma vitabu vya tiba, nafupisha, narekodi podikasti na video. Sauti yangu si ya kuazima. Mizani ya shairi nimejifundisha mwenyewe, najua pa kupumua. Wauguzi, wakunga, hata daktari wa meno wananisikiliza. Anayekuja, hakuna.

Zamani alikuja muuguzi wa wodi ya watoto. Alikuwa akivua viatu chini ya meza, anafungua kitabu, kisha ananichokoza: "Mshairi, leo umemtukana nani?" Namsomea beti zangu, anacheka pasipochekesha, nami nanuna kwa raha.

Juzi alituma ujumbe wa sauti. Nyuma yake watoto walikuwa wakilia.

"Kaka, tufanyie video. Mama anapimaje dawa ya maji kwa bomba la sindano? Nyumbani wanatumia vijiko, kila kijiko na ukubwa wake. Nitawaonyesha wodini. Halafu wewe nakusikiliza kwa kasi ya mara mbili, unaongea kama unabembeleza mtoto!"

Kwa kasi! Pumzi zote nilizozipanga, anazifukuza kama kuku.

Nilirekodi mikono yangu ikivuta maji ya rangi ndani ya bomba. Mwishoni nikasema: "Namna ya kusoma hii mistari midogo ya bomba, njooni maktaba niwaonyeshe." Nilijua angeudhika, lakini angekuja.

Mkuu wa maktaba, mama anayevaa miwani moja usoni na nyingine kichwani, aliitazama video akiwa amesimama.

"Mwanangu, mistari ndiyo kipimo chenyewe. Mbona umeificha?"

"Watakuja kuuliza, mama."

"Mtu ana mgonjwa mgongoni, aje kuuliza? Au kuna mtu unamtega?"

Mimi, mwenye jibu kwa kila mtu, nikaanza kufuta kioo cha kamera.

"Nakuelewa," alisema. "Hata mimi nimechoka kusalimiana na makabati. Lakini mtoto akizidishiwa dawa tutasemaje? Kwamba tulikuwa tunatafuta mgeni?"

Nilirekodi upya. Nikasogeza kamera mpaka mistari ikajaa kioo, nikaeleza jicho likae usawa wa mstari na mapovu yatolewe kwanza. Sikuremba neno. Nikatuma.

Jioni, kabla sijafunga kompyuta, muuguzi alijibu kwa ujumbe wa sauti. "Safi sana, kaka! Kinamama wameshapima wenyewe, mimi nawatazama tu. Umeniokolea safari ya huko kwenu."

Niliisikiliza tena hiyo safari niliyomwokolea. Kisha nikabonyeza kurekodi.

"Dada, njoo hata kama huna swali."

Sauti ilinitoka ndogo, nikapumua pasipo pake. Nilitaka kuifuta. Nikaituma hivyo hivyo.

Alama ikaonyesha ameshaisikiliza. Mkuu wa maktaba alizima feni, akaniuliza kama kesho tunaanza na video ya kifua kikuu.

Nikasema ndiyo.