Mzabibu wa Feruzi

Jumatano hiyo Sanavbar, mwanamke mchonga vigae, alipandisha kigae cha mwisho, akakibandika kwa chokaa juu ya mlango wa kaburi la binti mfalme, kisha akashuka jukwaani kula mkate na aprikoti. Kwa miaka miwili alikuwa amechonga mizabibu yote ya ukuta ule kwenye udongo mbichi, akaipaka rangi ya feruzi na kuichoma tanurini mpaka ikang'aa kama kioo. Shemeji yake, Usto Farhod, yaani fundi mkuu Farhod, alichonga kigae kimoja tu: "Kazi ya Farhod wa Samarkand." Hicho ndicho kilichokaa katikati.

Kabla hajamaliza mkate, mzabibu ulichipua.

Jani lilikuwa gumu, baridi, lenye rangi ileile. Likafuata la pili.

"Sanavbar! Ukuta wako unaota!" mchanganya chokaa alipiga kelele.

Mtaa mzima ukamiminika, wanawake na unga mikononi, wakipiga vigelegele kila kikonyo kilipotokeza. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Walibishania tu mzabibu utaelekea wapi. Ulielekea kwenye kigae cha Usto, ukakifunika, vikonyo vikajikunja vikawa herufi: "Kazi ya Sanavbar."

Sanavbar alisoma mara tatu.

"Shemeji," Usto alisema, "huo mmea wako hauna adabu."

"Umerithi kwangu, Usto."

Alasiri akaja msimamizi wa ujenzi wa amiri, akauzunguka mlango kwa furaha. "Hongera, Usto Farhod! Umewezaje kuuotesha?"

"Kwa subira," alijibu Usto.

Watu waliangua kicheko, lakini msimamizi alikuwa ameshaandika. Akaamuru jina la Usto lifunuliwe kila Alhamisi, kwa kuwa mzabibu ungeota tena. Usto alijaribu mwenyewe. Pigo la kwanza la patasi likapasua tao la mlango. Kazi akapewa Sanavbar, kwa kuwa mkono wake unaujua udongo ule.

Basi kila Alhamisi Sanavbar hupanda jukwaani.

"Leo mzabibu umeota rangi gani?" wanawake humwuliza kutoka chini.

"Nyeupe! Na nukta za buluu!" hujibu, naye hawezi kujizuia kucheka.

Hulikata jina lake mwenyewe taratibu, akaliteremsha kwa kikapu. Wanawake huligombania, hakuna tanuri la mkate mtaani lisilo nalo. Nao vijana wanaotoka mji wa Herat kutafuta ufundi husimama mlangoni, wakasoma jina lililobaki, wakauliza njia ya kwenda kwa Usto Farhod.

Sanavbar huwaelekeza kwa patasi, kutoka juu ya jukwaa.