Kabati Lililotiwa Majini

Chombo chetu kilianza kufunguka katikati ya bwawa, polepole na kwa adabu, kama mlango wa kabati lililoundwa vizuri. Mjukuu wangu, aliyeketi mbele kama nahodha, aliyatazama maji yakimpanda vifundoni, akageuka.

"Babu, umetumia gundi gani?"

"Gundi yangu ya siku zote."

Nilikuwa seremala wa samani. Maishani mwangu sikuwahi kuunga mbao zilizotarajiwa kulowa. Chombo kile nilikipiga msasa, nikakipaka vanishi, hata watu ukingoni wakawa wanajitazama ubavuni mwake.

Nyuma yangu aliketi mwanangu, baba yake nahodha. Tangu alipofungua duka la samani za kiwandani, mkabala kabisa na karakana yangu, tulikuwa tukiamkiana kwa kichwa, kila mtu mlangoni pake. Mtoto alichoka na hali hiyo. Kwa kuwa mashindano ya mtaa ya vyombo vya kujiundia yalitaka wapiga makasia wa ukoo mmoja, alituandikisha sote wawili pasipo kutuuliza.

"Msipopanda naingia peke yangu," alisema, "na kuogelea sijui."

Binti huyo leo anafundisha hesabu chuoni. Sishangai hata kidogo.

Tulipanda. Shemeji yangu, fundi cherehani, akatupita juu ya mapipa yake yaliyofungwa kamba.

"Shemeji! Kabati likifika, nitundikie koti langu humo!"

"Kazana na mapipa yako, mbu wewe!"

Ndipo ubao wa nyuma ukaachia. Kabla sijasema neno, mwanangu alikwisha kuruka. Maji yalimfika kifuani. Akazizungushia mikono pande zote mbili za chombo, akazibana, shavu likagusa mbao.

Nikamwona alivyokuwa zamani, nilipoanza kazi sina hata jiliwa moja la kubania mbao. Mikono yake ndiyo iliyoshikilia viungo mpaka gundi ikauke. Mara nyingi usingizi ulimchukua hapo hapo, amekumbatia mguu wa meza, nami nikifanya kazi kimyakimya nisimwamshe.

"Piga kasia, Baba," alisema. "Mimi nimebana."

Nilipiga. Yeye alitembea matopeni akisukuma, binti yake akichota maji kwa kopo na kutuamrisha kama askari. Tulifika wa mwisho. Mwanangu alipoachia mikono, chombo kikagawanyika, kikalala nchi kavu vipande viwili.

Mimi si mtu wa kucheka mbele ya wanangu. Siku ile nilicheka hadi nikamwegemea.

Alikamua shati lake, akaninyooshea mkono kunivusha tope.

"Umekula?"

"Bado."

"Basi twende nyumbani."

Hakusema kwa nani, nami sikuuliza.