Sharubu ya Samaki wa Kaka

Mama Kufuli, msimamizi wa stoo ya samaki waliohifadhiwa, alinipigia simu asubuhi. Stoo inahama, alisema, na kila chupa isiyo na lebo inamwagwa leo. "Na ya kaka yako haina."

Nilijua kwa nini. Kaka, mtafiti wa samaki wa kilindini, alifunga lebo nje ya chupa kwa uzi, akidai karatasi ikiwa ndani itamkwaruza samaki ngozi. Wenzake walimcheka. Sasa yeye yuko kaburini, na nyuzi zimeoza.

Nilifika bila hata kuchana nywele. Chupa zilijaa sakafuni, na samaki wa kilindini karibu wote walikuwa rangi moja, kahawia iliyochujuka kwa spiriti.

"Utamjuaje?" aliuliza Mama Kufuli. "Hapa hata mimi natapatapa."

"Kaka alituhubiria habari zake mezani mpaka mama yetu akamwambia ale kwanza."

Kitaa kidogo cha kung'aa gizani, nyuma ya jicho. Meno marefu yasiyoenea mdomoni. Safu ya vitaa tumboni. Na sharubu moja kidevuni, yenye ncha tatu. Samaki wengine wa jamii yake wana ncha mbili tu. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomkosesha kaka usingizi.

Niliinua chupa, nikaiweka, nikairudia ileile. Wengi walikuwa na ncha mbili. Mmoja alikuwa na kila kitu, ila kidevu kitupu.

"Huyu kanyolewa," alisema kibarua aliyeshika ndoo. "Nimwage?"

"Subiri kidogo, baba."

"Mdogo wangu," Mama Kufuli alisema taratibu, "siwezi kuandika kwa kukisia. Nikimpa kaka yako samaki asiye wake, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

"Basi tuchuje spiriti yake kwa kitambaa, huenda sharubu imekatikia ndani. Polepole."

Harufu ilitutoa machozi sote, na afadhali, maana hakuna aliyeniuliza yangu ni ya nini. Kitambaani kulibaki uchafu na kitu kama uzi mfupi. Mama Kufuli alikiinua kwa kibano, akakitumbukiza kwenye kisahani cha maji. Ncha zikafunguka: moja, mbili, halafu, kwa uvivu, ya tatu.

"Ndiye," akasema. Alimrudisha chupani pamoja na sharubu yake, akaandika karatasi na kuitia humo humo, akajaza spiriti mpya.

"Nenda nyumbani ukapumzike. Yuko salama."

"Nitaenda."

Nilibaki nimesimama katikati ya wabebaji, nikiwazibia njia, mpaka sanduku lake lilipopigiliwa misumari.