Jezi ya Kuazima

Redio ilipolitaja jina lake, Leocadio Brazobán, ambaye wote humwita Cayo, alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, shavu moja limeshanyolewa na la pili limejaa povu.

"Na Papa wanamchukua Cayo Brazobán wa Carreteros!" alisema mtangazaji kwa shangwe, kama mtu anayetangaza harusi.

Nelsido kinyozi aliuinua wembe juu, akautazama, kisha akautumbukiza kwenye maji.

"Shuka."

"Nelsido, bado shavu moja."

"Nimesema shuka kwenye kiti changu. Papa hawanyolewi hapa. Nenda mji mkuu wakakumalizie huko."

Wazee waliokuwa wakicheza domino mlangoni walicheka hadi mmoja wao akaangusha vipande vyake vyote vikaonekana, na mchezo ukaharibika. Cayo naye alicheka, lakini kicheko hicho hakikufika mbali. Alijipangusa povu kwa taulo akatoka nje na uso wa pande mbili.

Ndiyo desturi ya besiboli ya kule kwao. Januari ikifika, timu zilizotolewa hazirudi nyumbani salama. Zile zilizobaki huingia zikachagua wachezaji zinaowataka, kama ndugu wanaogawana vyombo vya marehemu kabla matanga hayajaisha. Aliyechaguliwa huvaa jezi ya wenyewe mpaka fainali imalizike. Akikataa, msimu ujao hachezi popote. Kwa hiyo mchezaji wa kuazimwa hana la kusema, huenda tu. Lakini kuazimwa na Papa, hao wa baharini si yule wa Roma, kwa mtu wa Santa Delia, mji wa Carreteros, ni jambo jingine kabisa. Hao ndio mahasimu. Marehemu baba yake Cayo, aliyeendesha mkokoteni wa ng'ombe akibeba miwa maisha yake yote, hakuwa akitia samaki mdomoni mwaka ambao Papa wamechukua kombe. Kuna miaka nyumba ile ilikula maharage na wali mpaka Pasaka.

Cayo alikuwa na miaka thelathini na minane. Misimu kumi na sita alikuwa amevaa jezi moja tu, nyekundu, yenye gurudumu la mkokoteni kifuani, maana Carreteros ni waendesha mikokoteni. Alipokuwa mtoto, yeye na Nelsido walicheza nyuma ya kiwanda cha sukari kwa mpini wa ufagio na vifuniko vya madumu ya maji, maana mpira hawakuwa nao. Kifuniko huruka kama nyuki mwenye hasira, hujui kitapita wapi, na aliyejifunza kukigonga kile hashindwi tena na mpira. Harufu ya sukari inayochemka ilikuwa imeganda hewani, hata nguo zilizoanikwa zilinukia. Siku za Jumapili baba yake aliwapeleka uwanjani kwenye viti vya jua, viti vya watu wasio na kitu, akawanunulia mkate wa kukaanga mmoja wagawane, na kuwaambia, "Tazameni mikono ya mpigaji, si mpira. Mpira unadanganya." Kiwanda kilishafungwa siku nyingi, baba amelala makaburini, na harufu ile imekwenda na upepo. Kilichobaki Santa Delia kutoka siku zile ni uwanja na timu. Ndiyo maana Cayo hakutaka jambo lolote duniani isipokuwa kucheza msimu mmoja wa mwisho pale, aagwe na watu wake, kisha atundike gongo.

Jioni ileile don Ulises Lachapelle, mwenye timu, alimwita uwanjani. Walikaa kwenye viti vitupu. Don Ulises alikuwa mtu wa maneno matamu, na watu wa Santa Delia walijua kwamba akikuita "mwanangu" ushike mfuko.

"Mwanangu," alianza. "Nitasema nawe waziwazi. Papa hawakukuazima bure. Wanataka kukuangalia. Ukiwafaa kwenye fainali, wanakuchukua moja kwa moja, na sisi wanatupa warushaji wawili vijana. Tumeshapeana mkono."

"Na nisipowafaa?"

"Usipowafaa, watasema mzee amekwisha. Utarudi hapa, utacheza msimu wako, tutakupa maua na bendi."

"Don Ulises, mimi nataka hayo maua."

"Najua." Mzee alivaa kofia yake. "Lakini timu hii haijanusa kombe tangu baba yako yu hai. Maua hayarushi mpira, mwanangu."

Cayo alimtazama akishuka ngazi taratibu. Alitamani kumchukia, akashindwa, kwa sababu mzee hakusema uongo.

Nyumbani, doña Fela, mama yake, alimwekea sahani ya ndizi zilizopondwa zenye vitunguu juu na soseji za kukaanga. Nelsido alikuwa ameshafika, na alikuwa amebeba wembe kwenye mfuko wa shati, maana hasira zake hazilali. Alimnyoa shavu lililobaki palepale mezani. Cayo akawaeleza yote.

"Basi ni rahisi," alisema Nelsido. "Kosa."

"Nini?"

"Kosa mpira! Swahiba, we ukijitahidi kwa nguvu zako zote unakosa mara saba katika kumi. Kazi yenyewe ni ya kukosa. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe? Wewe tangu lini unajua kitu?"

Cayo alimgeukia mama yake. Alitegemea doña Fela, mwanamke aliyewahi kumchapa kwa kukaa na chenji ya dukani, angempa kinyozi makavu yake. Doña Fela alikuwa akikunja kitambaa cha mezani, anakikunjua, anakikunja tena.

"Kosa, mwanangu," alisema. "Kukosa si dhambi. Mimi nimebakiwa na msimu mmoja wa kukuona pale, na miguu hii haiwezi mji mkuu."

Usiku ule Cayo alikubali. Aliona aibu, lakini aliona raha pia, na raha ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Jezi ya Papa ilikuwa ya buluu na ilimbana mabegani. Cha kuazima hakisitiri maungo, na kila alipoinua mikono shati lilichomoka kwenye suruali, mashabiki wa timu ya kaskazini, wapinzani wao wa fainali, wakampigia mbinja. "Mzee wa mikokoteni! Ng'ombe umewaacha wapi?" Wenyeji wake wapya walimpokea vizuri, hilo lazima lisemwe. Walimpa nafasi ya kupiga, wakamwita "maestro", yaani fundi mkuu, wakamwekea muziki wa kwao chumbani. Wangemtesa ingekuwa rahisi zaidi. Mechi sita za fainali alicheza wastani, si wa kusifiwa wala wa kulaumiwa, kwa sababu hakukuwa na saa ambayo alihitaji kuamua. Timu zikafungana tatu kwa tatu. Ikabaki mechi moja.

Na mpira una ubaya wake: ukiukimbia, unakufuata. Raundi ya mwisho, Papa wako nyuma kwa pointi moja, wenzao wawili wamesimama kwenye kituo cha pili na cha tatu wakisubiri mtu wa kuwaleta nyumbani. Anayefuata akitoka, mechi imekwisha na kombe limekwenda kaskazini. Anayefuata alikuwa Cayo.

Uwanja mzima wa mji mkuu ulisimama. Watu elfu kwa elfu aliowazomea tangu utotoni walikuwa wakiliimba jina lake, Ca-yo, Ca-yo, na akasikia aibu kwamba moyo ulimpiga kwa furaha. Alijisemesha kimoyomoyo: leo nakwenda nyumbani. Mapigo matatu ya kukosa, basi. Nichukue virago vyangu, nikachezee kwetu.

Mrushaji wa kaskazini alikuwa kijana mrefu mwenye mpira wa kasi. Wa kwanza ulipita katikati kabisa, Cayo hakusogea. Mwamuzi akapaza sauti: moja. Wa pili ulikuja chini, mbaya, hata mtoto angeuacha. Cayo akauzungushia gongo kwa makusudi, likakata hewa, naye akayumba kama mlevi. Mbili. Watu wakashika vichwa. Kocha wa Papa aligeuka akatema mate. Cayo alirudi nyuma, akapangusa jasho kwa mkono wa lile shati la buluu, akaona kazi imebaki kidogo. Angesimama tu. Kusimama hakuna ujuzi.

Kijana akarusha. Alitaka kumdanganya mzee kwa mpira wa pole unaozama, lakini ulimponyoka vidoleni, ukaja bila kuzama. Ulikuja mnene, mzembe, umefika kifuani, pale hasa ambapo Cayo alikuwa ameupenda mpira tangu mpini wa ufagio. Alikuwa na wakati wa kutosha kuamua kuuacha, na aliamua. Mikono haikumuuliza. Ilikwenda yenyewe, kama mkono unaodaka kikombe kinachoanguka mezani, na mlio alioujua kuliko sauti yake mwenyewe ukamfika mwilini kabla haujamfika masikioni. Mpira ulikwenda juu ya taa, ukawapita walinzi wa nyuma, ukaangukia kwenye maegesho ya magari, na kombe likawa la Papa.

Alikimbia kuzunguka vituo akilia waziwazi. Wapiga picha walimpenda sana kwa machozi yale. Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba mkongwe alilia kwa furaha, na sehemu yake ilikuwa kweli, ndilo lililomuuma zaidi. Kwenye kituo cha mwisho Papa walimrukia wote kwa pamoja, na katikati ya rundo lile mtu akampigia kelele sikioni, "Sasa wewe ni wetu, maestro!"

Usiku ule alimpigia simu mama yake.

"Mama, nilitaka kukosa. Nakuapia."

"Niliona kwenye televisheni. Ule wa pili ulikosa vibaya mno, nikasema atagundulika." Akapenga kamasi. "Kwa miaka mingapi nimekusikia unalilia mpira kama ule? Nilisimama, Cayo. Mimi, ndani ya nyumba ya baba yako, nilisimama nikawapigia makofi Papa. Mungu anisamehe, na yeye anisamehe."

"Na Nelsido?"

"Nelsido ametoka nje. Amekaa kwenye kibaraza changu hataki kuingia."

Don Ulises alipata warushaji wake wawili, na tuseme haki, walikuwa wazuri. Mwezi Oktoba msimu ulipofunguliwa, ratiba, ambayo haina huruma na mtu, iliwaleta Papa Santa Delia siku ya kwanza. Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda nguzo za taa. Cayo aliingia kwa lango la wageni na ikabidi aulize chumba cha kubadilishia nguo kiko wapi, kwa sababu upande ule hakuwahi kukanyaga. Walipotangaza jina lake hakuna aliyemzomea, na hakuna aliyemshangilia. Watu walivua kofia, wakazivaa.

Raundi ya pili alipata zamu ya kupiga. Aliugonga mpira vizuri, mbali, lakini mlinzi wa kati alirudi kinyumenyume akaudaka ukutani. Akawa ametoka. Alishika njia ya kurudi benchini, kichwa chini, akiwaza kwamba bega lake la kulia liligeuka mapema mno, akiwaza angengoja kidogo tu. Akashuka vidato, akaegemeza gongo mahali pake, akaketi mwishoni mwa benchi, chini ya feni, akanyoosha miguu.

Mazoea yana taabu. Ilimchukua muda kusikia kwamba uwanja mzima umenyamaza. Alitazama viatu vya jirani yake, vilikuwa na kamba nyekundu. Alitazama vya pili, na vya tatu. Vyake peke yake vilikuwa na kamba za buluu.

Mon Severino, kocha wa Carreteros, aliyemfundisha tangu alipokuwa na miaka kumi na saba, alikuja akachuchumaa mbele yake.

"Cayo."

"Naam, mzee."

"Hapa siyo."

Cayo alishusha macho kifuani mwake, akamwona yule papa ameachama. Uso ulimwaka moto. Upande wa pili wenzake walikuwa wamesimama kwenye ngazi za benchi lao, wengine wakimpungia, wengine wakijitahidi wasicheke. Alishika magoti ili ainuke. Mon Severino akamwekea kiganja begani, akakiacha hapohapo.

"Mwamuzi anatusubiri," alisema Cayo.

"Atasubiri."

Kijana aliyekuwa amekaa karibu naye alisogea, si kumpisha atoke, bali kumwongezea nafasi. Cayo akabaki ameketi pale, akiutazama uwanja kutoka upande ule aliouzoea.