Kona ya Kushoto

Wauguzi wawili walitoka mbio na machela kabla gari halijasimama sawasawa. Nyuma yao alikuja daktari, koti lake jeupe limefungwa kifungo kimoja tu, na nyuma ya daktari alikuja mlinzi wa geti, kofia mkononi. Honi ilikuwa imelia mfululizo tangu barabarani, na ilipofika kwenye kibao kilichoandikwa KIMYA TAFADHALI, WAGONJWA WAMEPUMZIKA, ilisikika kama imepandisha sauti kwa makusudi.

"Mgonjwa yuko wapi?" daktari aliuliza, akiinamia dirisha.

"Ni mimi," alijibu bibi mmoja mnene aliyeketi kiti cha abiria, mkoba magotini, fimbo katikati ya miguu. "Nimekuja kufanya mazoezi ya nyonga. Saa nne kamili, kama kadi inavyosema. Naomba mnifungulie kwa nje, huku ndani hakufunguki."

Binti yake, aliyekuwa akiendesha, alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye usukani. Kama ardhi ingekubali kupasuka, angeishukuru kwa sauti ya chini, akaingia.

Kila kitu alikifanya kwa sauti ya chini. Alikuwa mkutubi, na kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa amekaa nyuma ya dawati lile lile la maktaba, akinong'ona mpaka minong'ono ikawa ndiyo sauti yake. Sokoni wauza nyanya walimwambia, "Sema tena, mama," mara tatu, nne, halafu wakampa walichodhani anataka. Mtu akimkanyaga mguu kwenye foleni, yeye ndiye aliyeomba radhi. Hakuwa mwoga, alijiambia; alikuwa tu hapendi kusumbua watu. Na sasa alikuwa amenunua gari linalosumbua watu wote kwa niaba yake.

Alilinunua kwa sababu moja. Mama yake alifanyiwa upasuaji wa nyonga, na daktari akaagiza mazoezi mara mbili kwa wiki kwa miezi sita, la sivyo mguu ungekakamaa. Ndipo mkutubi alipokwenda kwenye yadi ya magari yaliyotumika, akakutana na mwenyewe, mwanamume mwenye tabasamu pana na maneno laini ambaye mji mzima ulimwita Bwana Asali.

"Hili, dada yangu," Bwana Asali alimwambia, akilipapasa boneti gari dogo la samawati kama anambembeleza mtoto alale, "lilikuwa la daktari wa meno. Mtu mpole ajabu. Hata breki alikuwa akiikanyaga kwa kuiomba ruhusa."

Siku mbili za kwanza gari lilitulia kama maji mtungini. Siku ya tatu likaanza vituko. Kila usukani ulipoelekea kushoto, honi ililia, na haikunyamaza mpaka magurudumu yanyooke. Siku hiyo hiyo mlango wa abiria uligoma kufunguka kwa ndani.

Mkutubi hakulalamika. Alichukua karatasi, akachora ramani, akatafuta njia za kukata kona za kulia peke yake. Kwenda kazini, safari ya dakika kumi, sasa ilimchukua dakika thelathini na tano. Alilizunguka soko, akapita nyuma ya kituo cha zimamoto, akaizunguka shule ya msingi mara moja na nusu, kisha akaifikia maktaba kwa upande wa jalala. Aliona ameshinda. Lakini kliniki ilikuwa mkono wa kushoto, na barabara yake ilikuwa ya kwenda tu, hairuhusu kurudi. Hapakuwa na ramani ya kumwokoa.

Alirudi yadini. Bwana Asali alisikiliza huku akitikisa kichwa kwa huruma, akamwita fundi wake, mtu mrefu mwenye ovaroli la kijivu. Fundi alichukua ufunguo, akalipeleka gari nyuma ya karakana "kuliangalia kidogo," akarudi nalo, akakata kona ya kushoto mbele yao mara tatu. Kimya.

"Umeona?" alisema Bwana Asali. "Labda mkono wako mzito, dada yangu. Magari nayo yana hisia."

"Na mlango?" mkutubi alinong'ona.

"Ule ni usalama wa watoto."

"Anayekaa pale ni mama yangu. Ana miaka sabini na sita."

"Basi uone gari lilivyo makini!"

Akaagiza lipanguswe vumbi bure, zawadi ya yadi, na fundi akalirudisha nyuma ya karakana. Mkutubi alishukuru, akaondoka. Kwenye kona ya kwanza ya kushoto honi ilipiga yowe, na mwendesha baiskeli mmoja akaingia mtaroni.

Juma lililofuata alirudi tena. Mambo yakawa yale yale: karakana, kona tatu, kimya, vumbi likapanguswa.

"Ulimwambiaje safari hii?" mama yake alimuuliza jioni, akila uji.

"Nilimwambia ahsante."

Mama alishusha kijiko. Alimtazama bintiye kwa muda, kama mtu anayetafuta ni wapi alipokosea katika malezi, kisha akaendelea na uji wake.

Huenda mambo yangebaki hivyo. Lakini baada ya machela kutoka kwa mara ya tatu, daktari alimwita mkutubi pembeni. Alisema kwa upole kwamba mgonjwa mmoja wa moyo ameruka kitandani, na kwamba gari lile likija tena na kelele, geti halitafunguliwa. Kutoka barabarani hadi mlangoni palikuwa na kilima cha hatua mia mbili. Mama yake alikuwa na uwezo wa kutembea hatua kumi na mbili. Walizihesabu pamoja kila asubuhi, wakashangilia ilipoongezeka moja.

Jumamosi wakaenda yadini wote wawili.

Palikuwa pamejaa. Mume na mke walikuwa wakizunguka gari la kijivu, mwalimu mmoja alikuwa akipiga mateke magurudumu ya pikapu, na wengine watano sita walisubiri zamu. Bwana Asali alimwona mkutubi, akawa hana budi kutabasamu.

"Dada yangu! Na mama yetu! Leteni viti!" Kisha, kwa kuwa wateja walikuwa wakitazama na mchezo ule alikuwa ameshaushinda mara mbili, akapaza sauti. "Huyu dada analalamika honi inalia peke yake. Kwangu hakuna siri. Fundi, liangalie, halafu ulijaribu hapa hapa mbele ya watu."

Fundi alilipeleka nyuma ya karakana. Likarudi. Likakata kona ya kushoto, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Yadi nzima ilitega sikio.

Mkutubi naye alisikiliza, na kitu fulani kikamgusa. Ukimya ulikuwa kazi yake. Aliujua ukimya wa wasomaji, ulio mzito na wenye pumzi ndani yake. Aliujua pia ule mwingine, ukimya wa wanafunzi wanaosimama wima ghafla mkutubi anapotokea kati ya rafu, mikono mgongoni ikificha kitu, macho yakitazama dari. Gari lile lilikuwa na ukimya wa pili.

"Haya, dada," alisema Bwana Asali. "Waambie wateja. Imelia, haijalia?"

"Haijalia," alinong'ona.

"Hatukusikia! Sema kwa sauti!"

"Haijalia!" alisema mkutubi, na sauti iliyotoka ilimshtua mwenyewe. Ilikuwa nene, yenye mikwaruzo, kama mlango wa chumba ambacho hakijafunguliwa miaka mingi. Akaenda garini, akaingiza mkono dirishani, akaibonyeza honi kwa kiganja chote. Akabonyeza tena. Akaiegemea.

"Na sasa pia haijalia," aliwaambia watu.

Mwalimu aliacha kupiga mateke pikapu. Mkutubi alimgeukia fundi, ambaye mkono wake ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye mfuko wa kifuani.

"Naomba kilicho changu," alisema, "kilichomo mfukoni mwako."

Alikuwa ametamka maneno hayo mara elfu kwa wanafunzi, lakini kwa kunong'ona. Fundi alitoa kitu kidogo chekundu, akakiweka kwenye kiganja chake kama anarudisha kitabu kilichochelewa.

"Ni fyuzi ya honi, mama. Niliambiwa niichomoe kabla ya kulijaribu, halafu niirudishe."

"Dada yangu," Bwana Asali aliingilia haraka, "hebu tuzungumze ofisini."

"Hapa panatosha." Aliwatazama wale wateja. "Ninasikika?"

"Unasikika vizuri," alijibu mke wa yule bwana wa gari la kijivu.

"Basi fundi ataushughulikia usukani na mlango sasa hivi, hapa hapa, mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki. Na mtu akiniuliza kuhusu gari langu wakati nasubiri, nitamjibu."

Waliuliza. Walivuta viti. Bwana Asali alipita huku na huku na tabasamu lililokuwa limebaki bila kazi, huku mama yake mkutubi akimpungia mkono kila alipopita. Fundi alifungua kifuniko chini ya usukani, akachomoa waya uliochubuka, uliofungwa kwa plasta ya kidonda.

"Ya yule daktari wa meno hiyo," alisema mama, na mwalimu akacheka hadi akashika pikapu.

Saa tisa waliondoka. Mkutubi koo lilimwasha kama amekula pilipili. Alitazamia kuona aibu. Aliingojea kwenye mataa ya kwanza, akaingojea kwenye ya pili, kama mgeni aliyesema atakuja. Haikutokea.

Wiki mbili baadaye, simu ilimfikia akiwa kazini.

"Dada yangu," ilisema sauti ya Bwana Asali, imepungua utamu zaidi ya nusu. "Wale mume na mke wamerudi. Wanasema hawanunui mpaka yule mama wa vitabu aje aone. Nimewaonyesha karatasi zote. Hawataki. Nisaidie."

Alikwenda baada ya kazi. Boneti ya gari la kijivu ilikuwa imefunguliwa, na watu wamelizunguka. Walimpisha. Aliinama juu ya mabomba, nyaya na vifuniko, asijue hata kimoja kinaitwaje, huku kila mtu akingoja, na Bwana Asali amesimama kando, mikono mgongoni.

Alinyoosha mgongo.

"Mimi injini sizijui," alisema, na watu wa nyuma kabisa wakamsikia. "Lakini leo sina haraka. Ingieni, tuzunguke nalo, kona za kushoto zote."

Akafungua mlango wa dereva, akakaa, akasogeza kiti mbele.