Hewa Kwenye Bomba la Nyamusaba

Selestina alikuwa injinia wa maji mjini Musoma. Mumewe, Paschal, alikuwa Norwe mwaka wa nne sasa, akisomea namna gesi na kimiminika vinavyosafiri pamoja ndani ya bomba. Alipoondoka walikubaliana miaka mitatu. Ilipoisha, akasema mtihani umesogezwa mbele. Baada ya hapo simu zikapungua, si kwa ugomvi, ila kwa kukosa la kusema. Alipiga Jumapili, akauliza kama umeme upo, kama mvua imenyesha, wakaagana. Selestina akabaki sebuleni kwake Kitaji akiitazama simu.

Kilichowarudisha kwenye maongezi ni bomba la Nyamusaba.

Nyamusaba ni kitongoji cha mlimani, upande wa Butiama. Bomba jipya la chuma lilipandishwa huko kutoka tangi la chini, kilomita saba. Pampu ilisukuma vizuri, na geji ya chini ilisoma presha sawasawa, lakini kule juu bomba lilikuwa linakohoa. Linatoa upepo, linatema maji ya kikombe kimoja, linanyamaza. Jumapili moja ya mwezi wa sita Selestina alimsimulia Paschal hayo, ili tu muda upite. Paschal alipojibu, sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya siku walizokuwa chuoni wakigombea daftari moja.

"Hiyo si pampu," alisema. "Ni hewa. Umeme ukikatika bomba linabaki nusu tupu, hewa inaingia. Maji yakirudi, hewa inanaswa mahali. Nipe vipimo, nitengeneze modeli."

Tangu siku hiyo alipiga kila jioni, saa kumi na mbili. Mchana Selestina alipanda Nyamusaba na fundi Isidori, mzee mpole wa kamati ya maji, wakasoma geji sehemu tano, kisha Selestina akatuma namba. Kule Norwe Paschal alilikata bomba kwenye kompyuta vipande vya mita kumi kumi, akakokotoa katika kila kipande hewa ni kiasi gani na maji ni kiasi gani, na kila kimoja kinakwenda kasi gani, maana havitembei pamoja: maji yakiteremka, hewa yenyewe hutaka kurudi juu. Alimweleza jinsi viputo vidogo vinavyoungana hadi kuwa donge moja la hewa refu kama ng'ombe, linalosukuma maji mbele yake, na ndicho kikohozi chenyewe. Katikati ya namba hizo alicheka. Siku moja alimwambia faili la modeli amelipa jina la Selestina. Selestina akaanza kuoga na kubadili nguo kabla ya simu, kama mtu anayetarajia mgeni.

Tatizo, modeli iligoma. Kwa mujibu wa michoro, maji yalipaswa kufika. Paschal akaomba wapime tena, wakapima tena.

Wiki ya tatu, Alhamisi, Selestina na Isidori waliifuata njia ya bomba kwa miguu, na kipimo cha miinuko mkononi. Nyuma ya jabali moja walikuta kitu ambacho hakimo kwenye mchoro. Wachimbaji walipogota mwamba hawakuuvunja. Walilipitisha bomba juu yake, likafanya nundu ya karibu mita mbili, wakafukia. Isidori alifukua kidogo, akagonga kwa spana. Likalia kama debe tupu.

"Iko hapa, mama injinia," alisema. "Hewa imelala hapa."

Ilihitajika vali moja tu ya kutolea hewa, na Bunda zilikuwapo. Selestina alimwambia Isidori wasubiri kwanza, mahesabu yahakikiwe. Jioni Paschal alipouliza kama kuna jipya, akajikuta anajibu, "Bado tunatafuta."

Akasema hivyo siku nane. Kila jioni ilikuwa tamu, na kila asubuhi alikwepa macho ya Isidori.

Ijumaa ya wiki iliyofuata alikutana na Matrida, mjane wa pale kitongojini, amepumzika njiani na ndoo ya maji ya kisimani. Selestina alimpa pole. Matrida hakulalamika.

"Sisi tulikuwaga tunangoja mradi," alisema. "Sasa mradi upo, tunangoja maji. Usijali mama, tumezoea."

Selestina akaichukua ile ndoo, akajitwisha. Kabla hawajafika kona ya pili shingo ilikuwa inatetemeka, na maji yamemlowesha mgongo. Matrida alitembea nyuma yake. Selestina hakuwahi kuona aibu kama ile.

Kesho yake alfajiri alikwenda Bunda, akarudi na vali, na Isidori akaifunga juu ya nundu. Pampu ilipowashwa, vali ilipuliza karibu robo saa, ikatema matone, ikajifunga yenyewe. Kule juu, kwenye kioski cha kuchotea maji, maji yalitoka mekundu kwa udongo, kisha meupe, mfululizo. Matrida alitega ndoo, akasimama pembeni akiyatazama tu, hadi yakamwagikia miguuni.

Saa kumi na mbili simu ililia. Selestina alimweleza Paschal habari ya nundu. Halafu akamwambia kwamba aliijua tangu Alhamisi ya wiki iliyopita.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kupiga."

Paschal akasema na yeye ana lake. Alikwisha kusaini mkataba wa kazi kule, miaka miwili, modeli za mabomba ya chini ya bahari. Alisaini mwezi wa tano, akawa anatafuta siku ya kusema, siku ikawa haipatikani. Desemba angekuja, mwezi mmoja.

Selestina aliiweka simu mezani bila kuikata. Akaenda jikoni, akashika ukingo wa sinki, akalia. Alipomaliza alinawa uso, akarudi. Paschal alikuwa bado yupo.

"Bomba limekwisha," akamwambia. "Sitaki uniulize geji tena. Niulize nimekula nini."

Paschal akauliza taratibu, "Umekula nini?"

Alikuwa hajala. Alikuwa na sato aliyemnunua sokoni Mwigobero kwenye sufuria, na ugali umeanza kupoa. Paschal akataka kujua sato huyo mkubwa kiasi gani, na nani alimpaa magamba. Selestina akamwambia, akavuta kiti, akala huku anasikilizwa. Hadi Desemba ilibaki miezi mitano.